Farasi kaumia kano ya mguu wa mbele, nimwachie nje au abaki bandani?

mama_nyota_jinja
Habari zenu jamani. Farasi wangu jike, Nyota, aliteleza kwenye matope wiki iliyopita baada ya ile mvua kubwa, kesho yake kaamka anachechemea, na nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, kati ya goti na kifundo, pamevimba pamejipinda kama upinde, ukigusa pana moto. Daktari wa mifugo kaja kasema ni kano, kanipa dawa ya unga ya maumivu na asitoke bandani. Sasa uvimbe umeshuka, hachechemei sana, na jirani ananiambia mwachie tu akale majani atapona mwenyewe kama ng'ombe. Mimi naogopa. Halafu banda linamkera, anapiga mateke mlango usiku kucha.

saisi_munyonyo
Pole sana dada. Usimwachie, tafadhali! Farasi wengi wanaharibikia hapohapo, dawa imetuliza maumivu na uvimbe umeshuka lakini ndani nyuzi za kano bado zimechanika, akitimka mara moja tu zinachanika zaidi. Kano ikiumia sana hesabu miezi 9 mpaka 12 kabla ya kurudi kwenye mbio, na hata ikipona inabaki na kovu lisilovutika kama zamani.

Kwa sasa mpira wa maji baridi, dakika 15 hadi 20, mara 2 au 3 kwa siku. Ukishakausha mguu, zungushia pamba nene halafu bandeji juu yake, ikae sawasawa maana mkunjo mmoja ukikaza unaiumiza kano upya. Funga na mguu wa pili, huo ndio umebeba mzigo wote. Kila asubuhi shika kwato kama zina moto, gusa na mshipa wa damu pembeni ya kifundo, mshipa ukidunda kwa nguvu mwite daktari siku hiyohiyo. Ile dawa usiongeze dozi mwenyewe, inaleta vidonda vya tumbo.

Muulize pia habari ya altrasaundi, wiki moja hivi baada ya kuumia picha inaonyesha vizuri kuliko siku ya kwanza. Kama hana mashine, ulizia chuo cha mifugo Makerere.

punda_kapchorwa
Mimi nina punda, huku kwetu mlimani ndio wanatubebea viazi na mahindi. Hayo mateke ya usiku angalia chakula kwanza, kama bado unampa mahindi na pumba za kazi wakati amesimama tu, nguvu zitaenda wapi? Punguza, mpe nyasi kavu kidogokidogo mchana na usiku asikae mdomo mtupu. Na mtafutie mwenzake, hata mbuzi. Wangu alipofungiwa alitulia tulipomfunga mbuzi pembeni yake, mpaka wakawa wanalala pamoja.

mama_nyota_jinja
Asanteni sana ssebo, mahindi naanza kupunguza leo, mbuzi ninaye. Kumtembeza naanza lini?

saisi_munyonyo
Daktari ndiye aseme baada ya picha. Akikubali, anza na dakika 5 kwa kamba, pole pole, ardhi ngumu tambarare, na unaongeza taratibu wiki kwa wiki. Siku ya kwanza vaa glovu, atarukaruka huyo, kwa hiyo mtoe akiwa ameshakula na mumshike watu wawili.