Tabora: Mnazuia hotpoti zetu getini, halafu hamjui karai lenu limekaanga nini

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira. Binti yangu wa miaka saba ametoka wodini jana asubuhi, na kilichompeleka huko ni sahani ya chipsi ya shilingi 3,000.

Nianze getini, maana kosa lilianzia getini.

Idd pili niliwachukua wanangu wawili na mtoto wa dada yangu, tukaenda kwenye kiwanja kimoja cha michezo ya watoto hapa Tabora mjini. Jina silitaji. Mnavijua viwanja vya aina hiyo: bembea, treni ndogo inayozunguka, lile jumba la upepo la kurukia, bwawa la kina kifupi, muziki unafunguliwa tangu asubuhi. Watoto walikuwa wakihesabu siku tangu Ramadhani ilipoanza. Nilibeba hotpoti yenye pilau na kuku niliyemkaanga kwa mikono yangu, na chupa ya juisi ya embe. Sikubeba kwa ubahili. Huyu binti ana aleji ya karanga, na aleji yake si ya kujikuna tu ikapita.

Getini pana bango kubwa: HAIRUHUSIWI KUINGIA NA CHAKULA WALA VINYWAJI. Kijana wa ulinzi akaniambia, "Mama, hiyo hotpoti inabaki hapa." Nikamweleza kwa upole: "Mwanangu, huyu mtoto karanga hazipatani na damu yake. Akila hata kidogo koo linavimba. Chakula chake ndicho hiki." Akamwita msimamizi. Msimamizi akaja, akanisikiliza nusu, akasema, "Mama, kila mtu anakuja na sababu yake. Ndani kuna chakula kizuri, na sisi karanga hatupiki." Nikamwuliza: kabisa? Akasema kabisa. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, watu wameanza kuguna, watoto wananivuta gauni. Hotpoti ikaingia kwenye kibanda cha mlinzi, mimi nikapewa kikaratasi chenye namba 14.

Hapo najilaumu, lakini sikuishia kwenye neno lake. Ilipofika saa nane watoto wana njaa, nikaenda kaunta mwenyewe. "Dada, chipsi mnakaangia mafuta gani?" "Alizeti, mama." "Na karanga je, mnatumia?" "Hapana mama, hapa ni chipsi, kuku na mishikaki." Nimewauliza watu wawili wa kiwanja kimoja, wote wamenijibu hapana.

Sasa sikilizeni nilichokuja kuambiwa kesho yake, niliporudi kuuliza. Lile karai tangu asubuhi lilikuwa likikaanga karanga za mayai. Zile zinazoviringishwa kwenye unga na mayai, zikafungwa kwenye vifuko vya shilingi 500 na kuuzwa kwenye meza ya aiskrimu. Karai lilelile, mafuta yaleyale, mwiko uleule wa kuepulia. Na blenda iliyotengeneza juisi ilikuwa imesaga karanga za kuungia kisamvu cha wafanyakazi. Yule dada wa kaunta sidhani alikusudia kunidanganya. Kwake yeye karanga za mayai ni kitafunwa cha meza nyingine, na chipsi ni viazi na mafuta ya alizeti. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mafuta yakishapitiwa na karanga, chembe zake zinabaki mle na kumwingia mtoto. Moto wa karai hauziui. Karanga zikipata moto mkali mkavu, bila maji wala mafuta, ndiyo zinazidi kuwa kali kwa mwenye mzio. Kwa hiyo hasira yangu siielekezi kwa yule dada anayelipwa kwa siku. Naielekeza kwa aliyempa karai moja la kazi zote, kisha akasimama getini na kuniapia.

Binti yangu hakumaliza nusu ya sahani. Akaniambia, "Mama, ulimi unaniwasha." Nikajua palepale. Midomo ikaanza kuvimba, mabaka yakamtoka shingoni na mapajani, akatapika, kisha kikaja kikohozi kikavu na sauti ikamkauka. Yote hayo ndani ya kama dakika kumi. Watu wakajaa. Mmoja anasema mpe maziwa, mwingine mpe maji ya chumvi, mwingine anasema huyu kapigwa kijicho. Mama mmoja alishafungua pakiti ya maziwa anataka kumnywesha mtoto ambaye hata mate hamezi vizuri. Nilimsukuma mkono, na kama anasoma hapa namwomba radhi, lakini mtoto anayepumua kwa shida hanyweshwi kitu.

Msimamizi naye akaja. Mbele ya mtoto anayekoroma kifuani akaniuliza, "Mbona wenzake wamekula na hawana kitu?"

Hawana sanduku la huduma ya kwanza zaidi ya bandeji na spiriti. Hawana gari. Nilikimbia na mtoto mgongoni hadi barabarani, mzee mmoja wa bajaji akashusha abiria wake njiani na kutupeleka. Hakunidai hata shilingi. Baba yangu, Mungu akulipe.

Hospitalini muuguzi alimtazama mara moja tu. Daktari akamchoma adrenalini kwenye paja. Kwa watoto wanahesabu miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na binti yangu ana kilo 20. Baada ya dakika chache kifua kikafunguka. Nilidhani tunarudi nyumbani. Daktari akakataa, akasema dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama mtoto hajagusa tena chakula. Saa tano usiku mabaka yalirudi kweli.

Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu wengi wetu nyumbani tunakimbilia Piriton au setirizini. Vidonge hivyo vinapunguza muwasho na mabaka. Koo likianza kufunga havilifungui. Dawa ya kwanza ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja, na mapema. Wenzetu nje wana kalamu za sindano zilizojazwa tayari, mzazi anatembea nazo kwenye mkoba; mimi katika maduka ya dawa ya mji huu nimeziuliza na sijaziona. Kwa hiyo kinga yangu ilikuwa moja tu, ile hotpoti. Na ndiyo waliyoninyang'anya.

Kuna watakaosema aleji ya karanga ni ugonjwa wa Wazungu. Hata mama mkwe wangu alisema hivyo, tukiwa nyumbani kwake kata ya Ng'ambo hapa Tabora, mpaka siku alipoona kwa macho yake. Mtoto alikuwa na miaka miwili, tukampa uji wa lishe, ule unga wa mahindi, ulezi, soya na karanga ambao kliniki zote wanausifu na kwa watoto wengi ni mzuri kweli. Kijiko cha tatu uso ukawa kama mkate. Mpaka leo shuleni anabeba uji wake kwenye chupa, na mwalimu wake, namshukuru, hamruhusu kuchovya kwa mwenzake.

Halafu mkumbuke tuko wapi. Huu ni mkoa wa karanga. Waingereza walipoanzisha ule mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea waliichagua Urambo yetu hii. Mradi ulikufa mwaka 1951, karanga hazikufa. Mchicha unaungwa karanga, mlenda unaungwa karanga, kisamvu usiseme, matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) yanatafunwa na karanga, kashata kila kona. Mpishi wa Tabora akikuambia "hamna karanga humu" mara nyingi ana maana kwamba hazionekani. Ndiyo maana mtu anayefungua biashara ya kulisha watoto mji huu alitakiwa kulijua jambo hili kuliko mwenzake wa mahali pengine.

Sasa jibu la uongozi. Kesho yake nilirudi na kikaratasi changu namba 14. Mwenye mali hakutoka, akatuma neno kwa msimamizi yuleyule: "Mama, bango ulilisoma, kiingilio ukalipa, maana yake ulikubali masharti."

Jamani. Masharti yapi? Kwamba utanizuia kumlisha mwanangu chakula ninachokijua, kisha hutaki kuwajibika kwa usichokijua?

Nilipolala wodini nilisoma sana kwenye simu. Disney World, kiwanja kikubwa cha michezo cha kule Florida, Marekani, inaruhusu mtu aingie na chakula chake, mradi kisiwe kwenye chupa za vioo. Na ndani migahawa mingi ina menyu ya wenye mzio, na unaweza kuomba kuzungumza na mpishi. Na hata huko hawajakamilika. Oktoba 2023 daktari mmoja kutoka New York alifariki baada ya kula kwenye mgahawa ulio katika eneo la Disney Springs; mume wake alifungua kesi mwaka 2024 akidai walimwuliza mhudumu mara kadhaa na wakahakikishiwa chakula hakina maziwa wala karanga na jamii zake. Kampuni ilijaribu kwanza kuitoa kesi mahakamani kwa hoja kwamba mume alikwishakubali masharti alipojiunga na huduma yao ya filamu. Watu wakapiga kelele dunia nzima, na Agosti 2024 kampuni ikaiacha hoja hiyo. Niliposoma nilikumbuka bango la getini, mwili ukanisisimka.

Uingereza tangu Desemba 2014 mwenye mgahawa anatakiwa na sheria kumweleza mteja kama chakula kina kimojawapo kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio: karanga, maziwa, mayai, ngano, samaki, ufuta na vinginevyo. Hapa kwetu pakiti ya biskuti dukani mara nyingi utaisoma nyuma ukaona imeandikwa ina nini. Sahani ya chipsi haina nyuma. Anayepika ndiye lebo yake. Sisi tunapima wapishi choo na homa ya matumbo, na ni sawa kabisa wapimwe, lakini sijaona mahali afisa afya anapomwuliza mpishi: mafuta haya yamekaanga nini kabla ya hivi viazi?

Ninachodai si menyu ya kimataifa. Mtoto mwenye mzio aruhusiwe kuingia na chakula chake, basi, hata kama mnataka kukikagua, hata kama mnataka cheti cha daktari, nitakileta. Karai la viazi lisiguswe na karanga. Mwiko wake uwe wake. Na mhudumu akiulizwa asichokijua aseme "mama, sijui", aende jikoni akaulize. Yule dada angeniambia sijui, tungekunywa maji tukarudi nyumbani na njaa, na mtoto angelala kitandani kwake. Watu wa viwanja mnaweza kuyafanya haya kesho asubuhi bila mkopo wa benki.

NAONGEZA: Kuna mkuu hapo chini amesema mwenye mtoto wa namna hii akae naye nyumbani. Nimekusoma, kaka. Mwanangu ameshakosa hafla mbili za darasani na harusi ya shangazi yake kwa sababu ya chakula. Idd ni yake pia.

Na dada aliyeuliza kama kupaka vitakasa mikono kunasaidia watoto wakishika karanga: hapana, havitoi. Kinachotoa ni maji na sabuni, na meza ifutwe kwa kitambaa chenye sabuni. Pale kiwanjani bomba la kunawia lilikuwa kavu siku hiyo, nalo nimeliandika kwenye barua.

Barua naipeleka Jumatatu kwa afisa afya, nakala kwa mwenye kiwanja. Mtu yeyote wa Tabora mjini, Nzega, Urambo, Igunga au Sikonge ambaye mtoto wake amedhurika kwa chakula cha kwenye viwanja hivi aniandikie hapa: siku, alichokula, alichoambiwa alipouliza. Majina ya watoto msiweke. Nitaambatanisha yote.

Hotpoti yangu bado wanayo.