Mama anakosa pumzi: ni pafu au moyo?

Binti wa Langoni
Assalaam alaykum. Mamangu ana miaka 61, anapika mikate ya mofa tangu sijazaliwa. Tanuri liko uani, na ua wetu ni kama kisima, moshi hauna pa kutokea. Zamani alikuwa akitoka gatini na kikapu cha samaki mpaka nyumbani bila kusimama. Siku hizi anasimama mara tatu, na mara ya tatu hujidai anamsalimia mtu. Sigara hajawahi kuvuta. Shangazi anasema pumu, jirani anasema moyo. Juzi daktari alimsikiliza, kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kikasoma 93, presha 150 kwa 92, akaandika vipimo vinne: eksirei ya kifua, ECG, eko na spirometria. Boti kutoka Lamu mpaka Mokowe, kisha basi la Malindi, nauli si mchezo. Nianze na kipi? Na kwa nini vinne?

Nesi Mstaafu, Malindi
Wa alaykum salaam mwanangu. Vinne kwa sababu kila kimoja kina swali lake. Eksirei: pafu lina doa, lina maji, moyo umetanuka? ECG ni umeme wa moyo, anabandikwa waya, analala tu, dakika chache imekwisha. Eko ni ultrasound kama ya wajawazito, ila hii inautazama moyo ukipiga: vali zinafunga, chumba cha kushoto kinasukuma nje asilimia ngapi ya damu yake? 55 kwenda juu, pazuri. Watu hukosea hapa: ECG ikitoka safi wanarudi wakisema moyo mzima. Umeme waweza kuwa sawa na pampu imechoka.

Spirometria, kupima pumzi kwa kupuliza mashine, ndiyo ya moshi. Umetaja sigara kana kwamba ndiyo njia pekee! Kuni za miaka mingi katika ua usio na upepo huleta ugonjwa sugu wa njia za hewa vilevile. Atapuliza, apewe salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, akae robo saa, apulize tena. Wanaangalia kati ya pumzi yote aliyotoa, ni kiasi gani kimetoka sekunde ya kwanza. Ikibaki chini ya 0.70, yaani asilimia 70 ya yote, hata baada ya dawa, njia zimebana. Zikifunguka sana, huenda shangazi amepatia.

Ila kama amekohoa wiki mbili au zaidi, makohozi yapimwe TB kabla ya kupuliza mashine yoyote.

Mvuvi wa Shela
Mimi nilipuliza mwaka jana. Mara ya kwanza nilipuliza kwa adabu, kama napoza chai, nikaambiwa hicho si kipimo. Mama ajaze kifua, akaze midomo kwenye bomba, atoe kwa nguvu zote mpaka sekunde sita na zaidi, na atarudia mara tatu au zaidi. Asiende ameshiba. Kama ana inhela, aulize mapema aiache saa ngapi kabla. Mimi niliivuta asubuhi, nikarudishwa. Nauli ikaenda hivyo.

Nesi Mstaafu, Malindi
Binti, hukusema analala vipi. Na miguu?

Binti wa Langoni
Nimeingia chumbani kwake sasa hivi. Mito mitatu kitandani, wa tatu ni wangu, nilidhani umepotea. Nikamfuata uani, nikambonyeza juu ya kifundo cha mguu. Kidole kimeacha shimo.

Nesi Mstaafu, Malindi
Basi moyo utangulie: kulala kwa mito mingi na miguu kujaa maji huweza kuwa dalili ya moyo kuchoka. Kesho asubuhi mrudishe kwa daktari, umweleze la mito na la shimo. ECG na eksirei zifanywe popote palipo karibu, msikae kungoja safari ya eko. Na usiku huu akishindwa kumaliza sentensi, au kifua kikimbana, au midomo ikigeuka rangi, msingoje kuche. Huko uani alikuwa akifanya nini?

Binti wa Langoni
Anawasha tanuri. Kuna oda ya harusi. Nakwenda kulizima.