Dubu wa mtoto mwenye pumu amevunda ndani baada ya kufuliwa, nifanyeje?

Mama Neema, Pasua (Moshi)
Habari za leo wapendwa. Binti yangu ana miaka minne na ana pumu. Ana dubu wake wa manyoya anaitwa Kipara, nilimnunua kwenye mitumba pale Memorial mtoto akiwa hajaanza hata kutambaa. Kichwani manyoya yameisha kwa sababu humsugua na kidole gumba mpaka usingizi umchukue.

Wiki juzi nilimfua. Nikamloweka kwenye beseni na sabuni ya unga, nikamsuuza maji matatu, nikamwanika kambani. Mnaijua Julai ya huku kwetu: mlima hauonekani, jua linachungulia saa tisa, saa kumi limeshaondoka. Siku ya tatu nikamshika, manyoya makavu kabisa, nikamrudisha kitandani. Usiku huohuo chumba kikanuka kama dekio lililosahaulika kwenye ndoo. Nikambonyeza tumbo, kumbe ndani bado mbichi. Na kikohozi cha mtoto kimerudi.

Daktari alishaniambia midoli ya manyoya inafuga wadudu wadogo wa vumbi, nifue kwa maji ya moto au niitoe nyumbani. Kumtoa Kipara siwezi. Nilijaribu kumficha siku moja. Mtoto hakulia, alikaa tu mlangoni anamsubiri.

Mzee wa Kiborloni
Pole mama. Loweka kwenye Jik usiku mzima, asubuhi anika juu ya bati. Harufu itakwisha.

Fundi cherehani, Ngarenaro (Arusha)
Shikamoo mzee wangu. Kwa Jik naomba nitofautiane na wewe: itapausha manyoya, na harufu yake humkera sana mtu mwenye pumu.

Mama Neema, sabuni yako haina kosa. Shida ni tumbo. Manyoya hukauka kwa upepo tu, lakini pamba iliyoshindiliwa hukaa na maji siku nyingi, na kwa baridi hii ndiyo inavunda. Mfungue. Tafuta mshono wa mgongoni, mara nyingi ndipo kiwandani walipofungia kwa mkono, uzi wake umekaa tofauti kidogo. Kata nyuzi kwa wembe, upana wa vidole vinne unatosha, utoe vyote vya ndani. Ukikuta sponji ya njano inayopukutika mkononi, tupa yote, usiionee huruma. Ukikuta nyuzi nyeupe za polista, hizo zinafulika. Zitie kwenye foronya, funga mdomo, fua, kisha zichambue na kuzitandaza juu ya chandarua kilichotandikwa kwenye kamba mbili. Usijazie sufi, hata kama ni rahisi kupatikana. Ikishalowa inagandamana, na vumbi lake halimfai mtoto huyo.

Gozi lenyewe fua kwa maji ya nyuzi 60, ndiyo yanayoua hao wadudu. Sufuria moja ya maji yanayochemka kwa sufuria moja ya bomba hukaribia hapo. Funika beseni, geuza kwa mwiko, mtoto awe mbali. Macho kama yamegundishwa kwa gundi yatang'oka, basi yatarizi upya kwa uzi. Kwa mtoto mdogo ni salama zaidi maana hayamezeki. Kukamua usisokote. Mfunge kwenye taulo kavu, ukandamize kwa goti.

Mama wawili, Sakina
Naongezea. Wa kwangu naye ana pumu, na siwezi kufungua midoli kila mwezi. Naitia kwenye mfuko, naiweka kwenye friza siku mbili, halafu ndiyo naifua kwa maji ya kawaida. Baridi kali inaua wadudu, ila uchafu wao unabaki, na huo ndio unaomkohoza mtoto, kwa hiyo kufua ni lazima. Mifuko ya rambo si tumekatazwa tangu 2019, mimi natumia ule mgumu wa zipu uliokuja na blanketi. Na kitandani abaki mmoja tu, wengine wapumzike kabatini.

Mama Neema, Pasua (Moshi)
Asanteni sana. Nimemfungua jana. Fundi, ilikuwa sponji! Imekuwa unga wa njano, na katikati bonge limelowa, limeota madoa meusi kama pilipili manga. Mwanangu alikuwa analala na hicho kifuani, nimelia. Nimetupa yote, nikachukua nyuzi za mto wangu mpya. Gozi nililianika jikoni karibu na jiko la mkaa, saa tano asubuhi leo lilikuwa kavu ndani na nje.

Sikuwa na uzi wa kahawia, nimeshona na mweusi. Neema ameuona, akauliza kama Kipara alipasuliwa hospitali. Nikamwambia ndiyo. Amemfunika na khanga yangu, sasa hivi wamelala.