Beta dume anaweza kukaa na samaki gani?

mapezi_marefu
Habari zenu wadau. Nina beta dume (wale samaki wa urembo wanaopigana), mwekundu, mkia mrefu unaoburuzika, yuko peke yake kwenye tangi la lita 40, hita inashika nyuzi 26, filta ni ya sponji na mimea ipo kiasi. Sasa kila ninayemuuliza ana lake, huyu anasema beta hakai na mtu, yule anasema tia gapi tu, wale samaki wadogo wa rangi, hamna shida. Yeye muda wote yuko juu kwenye majani, kule chini patupu kabisa. Sitaki kabisa afe mtu humu ndani, naombeni ushauri, niweke nani na wangapi?

mchanga_laini
Gapi hapana aisee. Beta dume akiona mkia mpana wenye rangi anamchukulia kama dume mwenzake, anatanua mashavu na kumvaa. Gurami nao usiguse, ni ndugu zake kabisa, wote wanapanda juu kuvuta hewa so watagombania palepale. Taiga barbu, wale wa milia, ni kinyume chake, hao ndo watamnyofoa yeye mapezi. Goldfishi anataka maji ya baridi kuliko hayo na anachafua sana.

Mi ningekwambia utafute wa chini, koridora pigmi, yaani kambare wadogo wa tangi. Hawafiki hata sm 3, ila ni wa kundi, usichukue chini ya 6 maana wakiwa wawili watatu wanajificha tu kwa woga. Na uwawekee mchanga laini, changarawe yenye ncha inawaumiza sharubu. Wakizoea kaa karibu na kioo uwaangalie, wanachomeka pua mpaka karibu na macho halafu mchanga unatokea pembeni kwenye mashavu, raha sana.

Bi_Kijani
Naunga mkono koridora, ila kwa lita 40 chagua kundi moja tu, usijaze. Ukipenda wa katikati, emba tetra nao ni wadogo na wapole.

Lakini jamani tuseme ukweli, orodha haimalizi kazi, beta wanatofautiana tabia. Kuna anayepita katikati ya tetra kama hawaoni, na kuna asiyetaka hata kivuli. Anza na konokono mmoja wa nerite, huyo hajazi tangi maana mayai yake hayaanguliwi kwenye maji yasiyo na chumvi. Mwangalie beta. Akimdonoa mara moja mbili akaachana naye, vizuri. Akishinda kutwa anamng'ata pembe, mtoe konokono na umwache beta wako peke yake, hapungukiwi kitu, beta sio samaki wa kundi. Kamba wadogo usinunue kwa mapenzi, wengi wataishia kuwa chakula.

maji_kwanza
Kabla ya yote pima maji, amonia na nitriti (sumu zinazotokana na uchafu wa samaki) zote ziwe 0, kama hazijafika 0 usiongeze hata mmoja. Wageni wakae kwanza kwenye chombo chao kama wiki 3 hivi, wengine wanakuja na magonjwa.

Siku ya kuwaingiza mtoe beta, muweke kwenye chombo chenye maji yaleyale na kifuniko (wanaruka hawa!), halafu hamisha mimea, geuza vijiti, yaani tangi lote liwe geni. Tia wageni, wakishatulia ndo umrudishe yeye wa mwisho, hapo anakuta hana mtaa wake wa kulinda. Kutanua mashavu siku za mwanzo ni kawaida. Akiwafukuza bila kupumzika au ukiona pezi limechanika, watenganishe hapohapo, kwa hiyo kile chombo walichokaa wageni mwanzoni usikivunje.

mapezi_marefu
Asanteni sana, nimeelewa, naanza na konokono. Swali moja tu, chakula cha koridora kinazama, beta si atakifuata chini akimalize?

mchanga_laini
Atakifuata, na akivimbiwa ni shida. Mpe yeye kwanza vidonge vyake vinavyoelea upande mmoja wa tangi, zima taa, ndo udondoshe vya kuzama upande wa pili. Koridora wanatafuta chakula gizani bila shida, wanatumia sharubu.

Bi_Kijani
Na uongeze mimea aisee, hasa katikati pale, wasionane moja kwa moja. Anubia inatosha, haitaki mwanga mkali, ila mzizi wake mnene usiufukie mchangani utaoza, ufunge kwenye kijiti.