MREJESHO: Kausha damu nimemaliza

Wakuu, shikamooni. Mwaka jana niliwaomba ushauri: nadaiwa kausha damu (ule mkopo wa riba kubwa ya kila mwezi), kikoba, duka la mtaani na shemeji, mshahara ukiingia unapita tu.

Wengi mlisema nianze na kausha damu ingawa kikoba ndicho kikubwa, kwa sababu ya riba. Mlikuwa sahihi kabisa. Shilingi 500,000 kwa asilimia 20 inazaa 100,000 kila mwezi, na ukilipa riba peke yake deni linabaki palepale. Shemeji nilimpigia mwenyewe kabla hajanitafuta, akakubali 20,000 kila mwisho wa mwezi. Dukani sikuandikiwa tena daftarini.

Mwezi uliopita nimemaliza! Kadi ya benki ambayo wakopeshaji walikuwa wameishikilia nimerudishiwa, nikabadilisha namba ya siri siku hiyohiyo. Mwenye mkopo wa namna hii, usiondoke bila karatasi ya kumaliza deni yenye saini na tarehe. Mimi walishaanza kutaja "faini", nikawaonyesha karatasi, wakanyamaza.

Pesa niliyokuwa nawapelekea sasa yote inaenda kikoba. Dada uliyenisisitizia nimpigie shemeji kwanza, Mungu akubariki sana.