Nyenje, soya, kobaye au sambaza: kwa uji wa watoto hapa Bukavu, tuanze na nini?

Bagira_Kwetu
Salamu wakubwa na wadogo. Kikundi chetu cha akina mama kina chumba kitupu na akiba kidogo. Tunataka kitu cha kuongeza nguvu kwenye uji wa watoto, kikibaki tuuze. Mimi navutwa na nyenje, wale wanaolia usiku. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, waliandika mwaka 2013 kwamba kupata kilo 1 ya nyama inayolika, nyenje hula kama kilo 2.1 za chakula, kuku 4.5, nguruwe 9.1, na ng'ombe 25. Wakikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Lakini wenzangu wananivuta kwenye kobaye (simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa kama sungura), soya, au tununue tu sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mwenye kujua aseme.

Fundi_Mifugo
Dada, hizo hesabu ni za kweli, ila ni za nyenje waliokaa kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na joto letu la wastani halizidi sana nyuzi 20. Nyenje hajipashi joto mwenyewe, ndiyo maana anakula kidogo: hachomi chakula ili mwili upate moto kama kuku. Basi huo moto utaulipa wewe, kwa makala (makaa). Thailand, kwenye mashamba yapata 20,000 ya nyenje, mfugaji anavuna baada ya siku 45 hivi. Hapa bila joto utangoja miezi.

La pili ni chakula. Watu wanapenda kusema nyenje anakula maganda na makombo. Mwaka 2015 Lundy na Parrella, watafiti wa California, walijaribu hilo. Waliolishwa chakula cha kuku walikua vizuri, lakini katika kugeuza chakula kuwa protini waliwashinda kuku kidogo tu. Waliolishwa taka za jikoni zisizotayarishwa vizuri walikufa karibu wote kabla ya kufikia ukubwa wa kuvunwa. Kwa hiyo utakuwa unagombania mahindi na soya zilezile na mwenye kuku.

Sisemi uache. Nasema usianze na chumba kizima.

MamaSombe_Kadutu
Mie naonaga munahesabu bya karatasi tu. Sambaza iko! Tunakulaga muzima, na kichwa, na mifupa, mutoto anapata kalsiamu yake. Unakausha, unatwanga, unatia kijiko mu uji, basi. Hakuna kubembeleza mududu usiku na makala.

Ziwani
Mama, nakuunga mkono, ila sambaza nayo ina hila zake. Ililetwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na inavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, samaki wanapungua na bei inapanda. Nunueni wakati wa giza, mkaushe wenyewe juu ya wavu, si chini. Nusu ya sambaza kavu za sokoni ni mchanga (natania, lakini si sana).

Masoso_na_Asali
Soya ina protini karibu 36 hadi 40 kwa mia, na mnaweza kuilima hapahapa Walungu au Kabare. Sharti iive vizuri, kwa kukaanga au kuchemsha, maana soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Watoto wengi wanaoharisha baada ya masoso (uji wenye unga wa soya), ukiuliza utakuta unga haukuiva.

Ila nikubali: soya haina vitamini B12, na chuma chake mwili haukipokei kwa urahisi. Hapo nyenje na sambaza wanaishinda. Kwa hiyo msizishindanishe hizi mbili. Soya ijaze kopo, mnyama awe kijiko.

Kobaye_Daima
Kobaye anakula majani na maganda ya viazi, vitu ambavyo wewe huvili. Tayari amewashinda nyenje wenu wanaotaka unga. Mimba inachukua siku kama 68, watoto wanamtunza, na wenye bunduki wakipita hawamwoni kama wanavyoona mbuzi. Umpe majani mabichi kila siku, kwa sababu hatengenezi vitamini C mwenyewe. Kasoro: nyama ndogo, na si ya kutia kwenye uji.

Mulushois
Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Huku hatuulizani kama wadudu wanaliwa, viwavi vikavu viko sokoni vimepangwa kwa mirundo. Tatizo letu ni lingine: vinatoka kwenye miti ya miombo, na miti hiyohiyo inakatwa kuwa makala. Wenye kufuga wadudu ndani ya beseni, hata kwa shida, nawaonea wivu.

Bagira_Kwetu
Asanteni. Fundi, nikitaka kujaribu kidogo, nifanyeje? Na watu watakula kweli?

Fundi_Mifugo
Watu wanaopigania senene msimu ukifika watakula nyenje, usiogope. Na ukiwasaga ndani ya uji, hakuna atakayeona mguu.

Chukua beseni refu la plastiki, trei za mayai za karatasi wajifiche ndani, pamba yenye maji (maji wazi yanawazamisha wadogo), na chakula cha vifaranga. Miguu ya meza iwekwe kwenye makopo ya maji, la sivyo siafu watakuvunia. Tumia nyenje wa hapa, usiagize mbegu ya nje: virusi viliua mashamba mazima ya nyenje huko Amerika Kaskazini karibu na mwaka 2010. Wakenya wanafuga wa kwao, hata aina moja ilitambuliwa rasmi mwaka 2018, Scapsipedus icipe.

Kabla ya kuvuna waache siku moja bila chakula, uwachemshe vizuri, ung'oe miguu na mabawa, ndipo ukaushe. Na umuulize kila mama: mtoto aliyevimba midomo kwa kula kamba wa majini asipewe, maana nyenje anaweza kumfanyia hivyohivyo.

Joto lisikugharimu. Tafuta ukuta wa nyuma wa tanuri la mikate.

Bagira_Kwetu
Tumekubaliana hivi: soya na sambaza mwezi huu, kobaye jike na dume chumbani, na beseni moja la nyenje. Jirani yetu anaoka mikate, nitamwomba ukuta.

MamaSombe_Kadutu
Umwambie mapema kama madume ya nyenje banaimbaga usiku kucha. Asiseme hamukumwambia.