Naomba ushauri: niache mwaka wa maandalizi ya Kirusi nirudi nyumbani?

Ng'ambo_ya_Neva (mleta mada): Ndugu wanajamvi, salaam. Nipo St. Petersburg kwa ufadhili, katika mwaka wa maandalizi ambao tunasoma Kirusi kabla ya kuanza shahada. Mtihani wa mwisho ni Juni. Lugha hii hubadilisha mwisho wa jina kwa namna sita: kitabu ni *kniga*, ukikisoma kinakuwa *knigu*, kisipokuwepo kinakuwa *knigi*. Nimechoka, na nafikiria kurudi Dar es Salaam nikaanze upya. Mnanishauri nini?

MamaWawili: Mwanangu, wangapi wanaililia nafasi hiyo? Unakula vizuri? Vaa soksi mbili, na usiache kuwapigia simu wazazi, maana upweke wa ugenini humla mtu taratibu.

Mzee_wa_Themanini: Nilifika Moscow mwaka 1984, nami nikaanzia maandalizi. Mwalimu alitutuma mmoja mmoja kununua mkate. Nilikaa kwenye foleni nikirudia moyoni *khleb, pozhaluysta* (mkate, tafadhali), lakini nilipofika mbele mwuzaji akaniuliza kama nataka mweupe au mweusi, nikashindwa kujibu, nikarudi mikono mitupu. Siku ya pili nilikuwa nayajua maneno yote mawili. Sisi tumezoea neno libadilike mbele, kitabu na vitabu. Wao hulibadilisha nyuma, na sikio huhitaji miezi kadhaa kabla ya kulizoea hilo.

Mpima_Maneno: Mleta mada, hujatuambia kama unaingia darasani.

Ng'ambo_ya_Neva: Sijaingia kwa wiki tano. Nilifeli jaribio la Desemba, alama zikasomwa mbele ya wenzangu, na baada ya likizo nikashindwa kurudi. Kila asubuhi natoka bwenini na mkoba kama kawaida, kisha nazunguka Kisiwa cha Vasilyevsky au nashuka kituo cha metro cha Admiralteyskaya, chenye kina cha mita 86, ambako ngazi za umeme ni ndefu kiasi kwamba watu husoma vitabu wakiwa wamesimama. Tiketi ya ndege nimeshakata kwa akiba yangu mwenyewe. Sioni kama nimepoteza muda, kwa sababu mji nao unafundisha: nilipofika nilikuwa nasoma РЕСТОРАН, yaani "restoran" (mgahawa), kama "pektopa", leo nasoma mabango yote. Hata usiku ule madaraja yalipoinuliwa nikakwama ng'ambo ya mto, nilizungumza Kirusi na mlinzi mmoja mpaka alfajiri.

Mpima_Maneno: Hapo ndipo uongo wako ulipojitokeza. Madaraja ya mto Neva huinuliwa usiku kupisha meli, na meli hazipiti majira ya baridi mto ukiwa umeganda. Unazurura tangu Januari na sasa ni Februari. Daraja gani hilo lililoinuliwa? Wanajamvi, tunapoteza huruma yetu kwa hadithi ya kutunga.

MamaWawili: Kama ni kweli umetutungia, nimeumia, kwa sababu nimekuombea.

Ng'ambo_ya_Neva: Mama, sijatunga. Usiku huo ulikuwa Oktoba, mwezi niliofika, nami nimekosea kuuchanganya na habari za sasa. Nilichelewa upande wa barabara ya Nevsky, metro ikafungwa, na nilipofika Daraja la Dvortsovy yapata saa saba usiku nikakuta barabara inasimama wima mbele yangu, nguzo za taa zikilala pamoja nayo.

Mzee_wa_Themanini: Mimi namwamini, kwani anayetunga hadithi ya kujisifu haanzi kwa kusema amefeli. Kijana, unamkimbia mwalimu kwa aibu ya Desemba, halafu unaisingizia lugha. Ulipozungumza na mlinzi yule ulikuwa hujamaliza hata mwezi, na hakuna aliyekupa alama. Mwandikie mwalimu leo, kwa Kirusi, hata kama kina makosa.

Mpima_Maneno: Kuhusu daraja nimekuelewa, na naomba radhi. Hata hivyo wiki tano ni nyingi. Uliza kwanza kama ufadhili wako bado upo kabla hujaamua lolote kuhusu tiketi.

Ng'ambo_ya_Neva: Nimemwandikia mwalimu mistari minne, nikafuta miwili. Amejibu kwa neno moja, *Prikhodite*, yaani njoo. Kipindi kinaanza saa tatu asubuhi. Tiketi bado sijairudisha.